Kitufe Kisichoitika

Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki, nilikuwa nimeshamtilia mtu mmoja shaka. Niliamka, nikafungua chumba cha mbele ambako mama hushonea, nikafagia nyuzi na vipande vya nguo, kisha nikaanza ukaguzi. Mkasi umelala upande gani? Nani amesogeza chaki ya bluu? Mara nyingi mshukiwa alikuwa kaka yangu, ambaye niliamini kwa moyo wote kwamba anakatia karatasi mkasi wa mama. Sikuwahi kumkamata, na kutomkamata kulinizidishia shaka. Bibi alinipa jina la Macho Kodo. "Macho Kodo," alikuwa akiniambia, "wewe hata mchimba kaburi lako utamshuku kwamba amekupunja kina."

Kuhusu vile vipande, nyumbani kwetu kitu hakitupwi. Mama ni fundi cherehani. Kila kilichobaki mezani kiliingia kwenye gunia nyuma ya mlango: vifungo, zipu zilizong'olewa, kola zilizokataliwa na wateja. Kipande cha leo ni mfuko wa kesho, ndivyo alivyotulea. Nilikua nikiamini kuwa mtu anayetupa vitu hakulelewa vizuri.

Baada ya masomo nilikwenda klabu ya kompyuta. Klabu yetu ndiyo iliyotengeneza tovuti ya kituo cha afya, na mwaka huo Mwalimu wa kompyuta alinikabidhi mimi niitunze. Alisema mtu anayeona makosa kila mahali ataifaa. Kila Jumatatu niliandika siku za kliniki na majina ya wauguzi walio zamu. Lakini roho ya tovuti ile ilikuwa kitufe chekundu kilichoandikwa OMBA GARI. Mgonjwa asiyeweza kutembea aliifungua tovuti kwenye simu, akabonyeza, na ujumbe wenye kuonyesha mahali alipo ukaenda moja kwa moja kwenye simu ya dereva wa gari la wagonjwa.

Dereva huyo alikuwa mzee mrefu ambaye maneno kwake yalikuwa kama meno, hakutaka kuyapoteza. Ukimwamkia, alijibu "marahaba", na hotuba yake ikaishia hapo. Watoto tulimwita Mzee Kimya. Mimi sikumwamini tangu mwanzo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, nami nilikuwa nausubiri huo mshindo.

Mwanzoni mwa muhula nilibadilisha vazi la tovuti. Vazi ni neno la Mwalimu. Alituambia kuwa tovuti nyingi huvaa muundo ulioshonwa tayari na watu wengine, wenye rangi, herufi na mpangilio wake. Vazi la zamani lilikuwa jeupe, halina hata ua. Nikapata jipya la bure, zuri ajabu, lililotengenezwa kwa ajili ya maduka, hoteli na maharusi kwa pamoja. Lilikuwa na picha zinazoteleza, kikapu cha kununulia bidhaa, kalenda, muziki na maua yanayodondoka kutoka juu.

"Umebadilisha nini?" Mwalimu aliniuliza aliponiona nimejiinamia kwenye kompyuta.

"Rangi tu, Mwalimu."

Nilijua ningemwambia ukweli angenikataza. Vile visivyowahusu wagonjwa, kama kikapu, muziki na maua, nilivificha ili visionekane. Sikuvifuta. Huenda siku moja vingefaa. Hata maagizo ya vazi la zamani niliyaacha mulemule ndani. Tovuti ikapendeza, nami nikajipongeza kimoyomoyo.

Majuma mawili baadaye manung'uniko yakaanza. Wa kwanza alikuwa mfyatua matofali aliyeteguka mguu.

"Nimebonyeza mara tatu!" alifoka akiwa amekaa kwenye benchi la kituo. "Nimengoja saa nzima! Mwisho nimeletwa kwa mkokoteni kama kabichi!"

Muuguzi mkuu, ambaye sote tulimwita Sista, alimgeukia dereva. Mzee Kimya alitoa simu yake, akaitazama, akasema, "Sikupata ujumbe."

Baada yake alikuja mama mmoja ambaye mwanawe alimwagikiwa na uji wa moto. Naye alikuwa amebonyeza. Kisha kinyozi wa sokoni, naye akaapa kwa jina la mama yake. Jibu la dereva lilikuwa lilelile kila mara. Sista aliketi mbele ya kompyuta ya ofisini kwake, akaifungua tovuti, ikafunguka papo hapo. Akabonyeza kitufe. Simu ya Mzee Kimya ikalia palepale. Alijaribu tena kesho yake na kesho kutwa, na kila mara ujumbe ulifika.

"Tovuti ni nzima," alisema Sista, akimtazama dereva kwa jicho la pembeni. "Basi kibovu ni kitu kingine."

Mimi nilihitaji nini zaidi? Nilinunua daftari dogo nikaanza upelelezi. Siku ya Jumanne saa tisa na nusu alasiri, gari la wagonjwa halikuwapo kituoni. Nilipita uchochoro wa nyuma ya soko, nikapanda mteremko wenye changarawe, na nikaliona limeegeshwa kando ya tangi kubwa la maji. Injini imezimwa. Mzee Kimya amekaa ndani peke yake, ameinua simu usawa wa paji la uso, anaizungusha huku na huku. "Anajipiga picha," niliandika. "Watu wanaumwa, yeye anajipiga picha." Jumatano alikuwa palepale, na Jumatatu iliyofuata vilevile. Safari hiyo ya tatu aliniona nimejibanza nyuma ya nguzo ya umeme. Hakusema kitu, na kutosema kwake nikakuandika pia.

Siku iliyofuata nilimpelekea Sista daftari.

"Una hakika, mwanangu?" aliniuliza baada ya kusoma kurasa zote mbili.

"Nimemwona kwa macho yangu, Sista. Siku tatu."

Alivua miwani akaiweka mezani. "Mzee huyu ameendesha gari hili miaka kumi na minne. Wewe hukuwa umezaliwa. Lakini wagonjwa hawawezi kuchezewa. Ijumaa saa tisa kamati itakaa. Ikibainika kwamba anazima simu ili apumzike, ataondolewa kazini."

Ningekuwa na akili ningeogopa aliposema hivyo. Badala yake nilitoka nikitembea kwa madaha, kifua mbele, kama jogoo aliyeliamsha jua.

Alhamisi nilirudi nyumbani mapema kwa kuwa klabu haikukutana. Mama alikuwa amepeleka sare za wanafunzi kwa mteja, na kaka hakuwapo. Nilimkuta bibi amekaa kwenye kigoda, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Kifua chake kilipiga filimbi. Bibi ana pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Alitaka kuniambia jambo lakini pumzi haikutosha kubeba maneno.

Nilichukua simu yake, ile ndogo yenye kioo kilichopasuka, nikaifungua tovuti. Ukurasa ukawa mweupe. Ukaendelea kuwa mweupe. Kisha jina la kituo likatokea, na chini yake kile kitufe chekundu. Nikabonyeza. Hakikuonyesha dalili yoyote. Nikabonyeza tena na tena, mara nne kwa jumla, kisha nikaitia simu mfukoni.

"Vumilia, bibi. Gari linakuja."

Tulingoja. Nilitoka nje nikatazama barabara, nikarudi ndani nikamshika mgongo, nikatoka tena. Hakuna gari. Na hapa lazima niseme jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu. Bibi yangu akihangaika na pumzi, mimi moyoni nilifurahi kidogo. Nilijiambia, sasa nimemkamata yule mzee. Sasa hana pa kutokea.

Jirani yetu mwenye pikipiki ndiye aliyetuokoa. Aliposikia nikilia aliacha chakula mezani, tukamweka bibi katikati yetu, nami nikamkumbatia kwa nyuma asidondoke. Kituoni walimvisha kinyago chenye mvuke wa dawa. Baada ya muda ile filimbi ilipungua, na rangi ikamrudia usoni. Nilipoona amefumba macho bila kuhangaika, nilitoka mbio kumtafuta adui yangu.

Gari lilikuwa kituoni. Mzee Kimya alikuwa anapangusa machela.

"Bibi yangu angekufa!" nilimpigia kelele mbele za watu, nikisahau kwamba yule ni mkubwa wa kumwamkia. "Nimebonyeza mara nne! Mara nne!"

Aliacha kitambaa, akatoa simu mfukoni, akanionyesha. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa asubuhi, wa majaribio ya Sista. Sista mwenyewe alikuwa ameshatoka kwa kusikia makelele. Alirudi ofisini, akabonyeza kitufe kwenye kompyuta yake, na simu ikalia mkononi mwa mzee.

"Ya kwangu inafika, ya mtoto huyu haifiki?" aliuliza Sista, na sauti yake ilikuwa na uchungu zaidi kuliko hasira. "Mzee wangu, sema ukweli. Uliizima?"

"Sikuizima," alijibu. Akaokota kitambaa chake, akaingia ndani ya gari akaketi.

Nilikaa kwenye benchi la nje, karibu na dirisha la gari. Nikawaza kuhusu kikao cha kesho. Ushahidi wangu wa daftari ungetosha? Afadhali niwaonyeshe jinsi simu ya bibi ilivyobonyezwa bure. Nikaifungua tovuti tena. Weupe. Jina la kituo. Kitufe. Nikabonyeza huku namtazama mzee kupitia dirishani. Simu yake ilikuwa juu ya usukani, imewaka, na wala haikulia. Nikabonyeza tena. Kimya.

Nilishindwa kuelewa. Simu haikuwa imezimwa, nilikuwa naiona! Nikazidi kuutazama ukurasa wa simu ya bibi. Polepole mno, rangi za pembeni zilianza kuingia, kisha herufi zikabadilika umbo, kisha mstari mwembamba juu ya kioo ukamaliza safari yake. Zilikuwa zimepita dakika mbili na ushei. Nikabonyeza kwa mara ya mwisho, bila matumaini.

Simu ya Mzee Kimya ikalia.

Alishtuka, akawasha injini, kisha akasoma ujumbe na kugundua kuwa mahali palipoandikwa ni palepale alipo. Akageuza shingo, macho yetu yakakutana.

"Ni wewe?"

"Ni mimi," nilisema. "Nilikuwa najaribu."

Akazima injini. Tangu asubuhi ile ya kwanza ya manung'uniko nilikuwa nimeshuku kila mtu aliyeigusa tovuti ile, kasoro mmoja tu. Mfyatua matofali alikuwa amesema kweli, na dereva pia alikuwa amesema kweli. Aliyedanganya alikuwa kitufe, na kitufe kile nilikivisha mimi.

Jioni bibi akiwa amelala nyumbani salama, nilimfuata mama. Alikuwa anatoa nyuzi za mwisho kwenye sketi ya sare. Nilimweleza yote, na mwisho nikatafuta mlango wa kutokea.

"Niliviacha ndani kwa sababu wewe umetufundisha tusitupe vitu, mama."

"Usinisingizie!" Aliweka sindano chini. "Vipande naviweka guniani. Umewahi kuniona nikimshonea mteja gauni halafu gunia zima nikalitia ndani ya bitana? Angetembea vipi huyo mtu?"

Nikaanza kuokota nyuzi sakafuni.

"Mama, nina wazo," nilisema baadaye. "Kesho asubuhi naweza kuifuta takataka yote kabla ya kikao. Tovuti itakuwa nyepesi. Watu watapata gari. Yataisha yenyewe, bila kelele."

Mama alinitazama mpaka nikaona haya. "Kesho uirekebishe kimyakimya. Kesho kutwa ujumbe uanze kumiminika kwenye simu ya yule mzee. Watu watasema nini?"

"Watasema imepona."

"Nani kasema iliumwa? Hakuna anayejua. Watasema mzee ameogopa kamati, akaacha kuzima simu. Utakuwa umempigilia msumari wa mwisho kwa mkono wako, halafu uondoke umejipangusa."

Sikulala vizuri, na nilistahili.

Asubuhi nilimkuta Mwalimu wa kompyuta kabla kengele haijalia. Nilimwambia kuwa haikuwa rangi tu. Hakunigombeza. Alifungua chombo kinachopima uzito wa kurasa, akageuza kioo upande wangu. Orodha ilishuka na kushuka.

"Ukurasa wa kituo una orodha ya siku, majina machache na kitufe kimoja," alisema. "Kwa nini simu ya bibi inaletewa mafaili mia moja na kumi na tatu? Hili ni kikapu cha duka. Hili ni muziki. Haya ni maua. Huu ni msimbo wa vazi la zamani, maagizo ambayo hakuna anayeyafuata tena."

"Lakini nilivificha, Mwalimu. Havionekani."

"Umeyafichia macho. Simu haikufichiwa. Inavivuta vyote, kimoja kimoja, kwa mtandao wa kuchechemea. Kitufe hupakwa rangi mapema, lakini hakiunganishwi mpaka maagizo yote yamalize kufika. Mgonjwa anakiona, anabonyeza, anadhani amesikika."

"Mbona kwa Sista kinaitika mara moja?"

"Kompyuta ya Sista ina mtandao wa waya, tena hutunza nakala ya mambo iliyokwisha kuyafungua. Haibebi upya. Simu ndogo kama ya bibi haina nafasi ya kutunza, inaanza upya kila mara. Mgonjwa anafungua tovuti mara moja kwa mwaka, siku anayoumia." Akasugua kidevu. "Na mimi ninalo la kujibu. Niliambiwa rangi tu, nikaridhika. Twende wote saa tisa."

Kikao kilifanyika katika chumba cha chanjo. Wajumbe watano walikaa kwenye viti vya plastiki. Mfyatua matofali alikuja na gongo lake, na mama alikaa karibu na mlango. Daftari langu lilikuwa mbele ya Sista. Mzee Kimya alisimama, kofia mkononi.

"Mzee," alianza Sista, "tumeambiwa kuwa alasiri unaegesha gari kwenye tangi la maji. Unafanya nini kule?"

Aliigeuza kofia mkononi. "Kule juu mtandao ni mzuri," alisema. "Nilidhani kosa ni la simu yangu. Watu wote wale hawawezi kuwa waongo. Nikasema nipande, niinue simu juu, labda ujumbe unafika halafu unaponyoka."

Mjumbe mmoja akacheka. "Ujumbe unaponyoka! Kama samaki?"

Wengine nao wakacheka. Mzee aliinamisha kichwa. Ilinipata kama kofi. Mimi niliyekosa nilimshuku kila mtu, na huyu asiye na kosa alijishuku yeye mwenyewe, alasiri baada ya alasiri, juani, ameinua simu hewani kwa ajili ya watu waliokuwa wakimtukana. Nikasimama.

"Mzee hana kosa," nilisema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka. "Mwenye kosa ni mimi."

Nilieleza. Nilisema juu ya vazi, juu ya vitu nilivyovificha, na juu ya uongo wa rangi. Nilisema kwamba tangu jana nilikuwa ninajua. Mwalimu akaongeza aliyoyaona. Ili wasimwamini mtu kwa maneno matupu, nilimpa mfyatua matofali simu ya bibi, akaifungua tovuti na kubonyeza kitufe chekundu mbele yao wote. Simu ya dereva ilikuwa mezani. Wajumbe waliinyooshea shingo. Haikulia. Akabonyeza tena, haikulia. Dakika mbili na ushei zilipita, ndefu kama somo la hesabu, akabonyeza tena, nayo ikalia mpaka mjumbe aliyecheka akaruka kwenye kiti.

Mfyatua matofali aliitazama simu, kisha akamtazama mzee. "Nilikuita mwizi wa muda," alisema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Sista alilifunga daftari langu akanirudishia. Hakunigombeza mbele ya watu, lakini alituamuru mimi na Mwalimu tuketi kwenye kompyuta yake hapohapo, na tusinyanyuke mpaka kazi iishe. Kikapu kikaenda. Muziki ukaenda. Kalenda, picha za kuteleza, herufi za aina sita, vyote vikafutwa. Kila Mwalimu alipouliza, "Hiki nani anakitumia?" nilitaka kusema huenda siku moja, nami nikajizuia. Tulipofika kwenye maua, nilimwomba anifumbie jicho. Akakataa. Nikayafuta kwa mkono wangu.

Kisha tukaichukua tena simu ya bibi, safari hii nje uani, kila mtu akiwa amesimama. Mama alihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Kufikia nne ukurasa ulikuwa umekamilika. Nikabonyeza mara moja, simu ya mzee ikaitika kabla sijaondoa kidole.

Niligeuka kumkabili. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba msamaha tangu usiku. "Mzee wangu," nilianza, "mimi nilikufuata, nikaandika mambo ambayo..."

Simu ikalia tena. Watu wote wakanitazama mimi.

"Si mimi!" nilisema, nikainua mikono yote miwili.

Mzee alisoma. Mtoto ameanguka kwenye ngazi, nyumba ya nyuma ya kiwanda cha mbao. Hakungoja nimalize. Alikwisha kuwa nyuma ya usukani, muuguzi mmoja akarukia upande wa pili, na gari likatoka langoni likipiga king'ora.

Nikabaki nimesimama na msamaha wangu mdomoni. Sista alikuja akaniwekea mkono begani.

"Na mimi nimekosa," alisema. "Nilipima kwa kompyuta yangu nikadhani nimepima kwa simu za watu wote. Lakini wewe sikiliza, na uwaambie wenzako wa klabu. Ulificha vitu ndani ya tovuti, simu za wagonjwa zikavibeba. Ulimficha Mwalimu ukweli, mzee yule akaubeba. Kitu ukikificha hakipotei, mwanangu. Kuna mtu anakibeba, na mara nyingi ni yule asiye na nguvu za kukibeba. Kabla hujamtilia mwingine shaka, anza kukagua mzigo wako."

"Nimesikia, Sista," nilisema, na machozi yakanitoka bila kuyaficha.

Gari lilirudi baada ya nusu saa. Mvulana mdogo mwenye mkono uliovunjika aliteremshwa akilia kwa sauti kubwa, jambo ambalo Sista alisema ni dalili njema. Mzee Kimya alimbeba mpaka ndani, akatoka akiwa na damu kidogo kwenye mikono. Alikuwa anaelekea bombani kunawa aliponiona bado nipo uani.

Nilifungua mdomo nianze upya, "Mzee, naomba..."

Alitikisa kichwa. Akaingiza vidole viwili mfukoni kwa uangalifu asilichafue shati, akatoa simu yake, ileile niliyokuwa nimeandika kwenye daftari kwamba anaizima.

"Nishikie," alisema. "Ikilia, niite."

Nikaipokea kwa mikono miwili.